Neisser alikuwa nani, na kwa nini bakteria wa kisonono wamebaki na jina lake?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, mwaka wa pili. Kila siku tunaandika Neisseria gonorrhoeae kwenye daftari. Nilipouliza huyo Neisser ni nani, niliambiwa ni profesa Mjerumani wa magonjwa ya ngozi. Baadaye nikasoma mahali kwamba aliwadunga wanawake kaswende bila wao kujua. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini bakteria hawa bado wana jina lake? Nimepangiwa kuwasilisha maisha yake darasani, naomba unieleze kwa kirefu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo linalokukera. Ndiyo, ni kweli. Mwaka 1892, katika kliniki yake mjini Breslau, Profesa Albert Neisser aliwadunga wasichana na wanawake wanane majimaji ya damu yaliyotolewa kwa wagonjwa wa kaswende. Hakuwaomba ridhaa, wala hakuwaeleza anachowafanyia. Wanne kati yao baadaye walipata kaswende. Ulichosoma kimekosea mahali pamoja tu, nako ni kwenye nia: hakukusudia kuwaambukiza, alitarajia kuwakinga. Nitafika huko, na utaona kwa nini nia hiyo haikumwokoa mbele ya mahakama ya nidhamu, na kwa nini hainitoshi hata mimi ninayemheshimu kwa mengine aliyoyafanya.

Ila ukipeleka kisa hicho peke yake darasani, wenzako wataondoka na picha ya mtu katili wa zamani asiyefanana na yeyote kati yao. Mimi nikiyatazama maisha ya Neisser naona tabia ileile moja iliyompandisha na kumwangusha: akishaona jambo linaweza kuthibitishwa leo, hakuwa mtu wa kungoja kesho. Tabia hiyo ninaiona kwa madaktari vijana wazuri kila mwaka. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Alizaliwa tarehe 22 Januari 1855 katika mji wa Schweidnitz, jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya Prusia. Leo mji huo uko Polandi na unaitwa Świdnica. Familia yao ilikuwa ya asili ya Kiyahudi, na baba yake, Moritz Neisser, alikuwa daktari. Sekondari aliisomea Breslau, ambayo leo ni Wrocław, na huko alisoma shule moja na kijana aitwaye Paul Ehrlich, huyohuyo aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli na kuipa dunia dawa ya kwanza ya kaswende iliyobuniwa maabara. Urafiki wao haukukatika. Neisser mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Kemia ilimshinda hadi akalazimika kurudia mtihani. Alihitimu udaktari mwaka 1877 kwa tasnifu kuhusu uvimbe unaoletwa na minyoo ya mbwa, ugonjwa ambao wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wanaujua vizuri mno.

Fani ya ngozi hakuichagua. Alitaka magonjwa ya ndani, nafasi ikakosekana, akaishia kuwa msaidizi wa Oskar Simon katika kliniki ya ngozi na magonjwa ya zinaa. Idara ile haikuwa na heshima kubwa. Vitanda vyake vilijaa maskini, na wanawake walioletwa na polisi kwa sababu ya biashara ya ngono. Usiwasahau wanawake hao, maana ndio waliobeba gharama baadaye.

Lakini Breslau ya miaka ile ilikuwa mahali pa bahati kwa kijana mwenye macho. Mwaka 1876 Robert Koch, wakati huo daktari wa wilaya asiyejulikana, alikwenda huko kumwonyesha mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn ushahidi wake kuhusu bakteria wa kimeta. Hapohapo Breslau Carl Weigert alikuwa akijaribu rangi za viwandani ili bakteria waonekane vizuri kwenye kioo. Neisser alizikuta mbinu hizi zikiwa bado moto, na akazipeleka mahali ambapo wakubwa wale hawakuwa wamepeleka: kwenye usaha wa kisonono.

Hapa nataka utulie kidogo, maana kazi hii ndiyo unayoifanya wewe kila siku. Alichukua tone la usaha kutoka kwenye njia ya mkojo ya mgonjwa, akalipaka jembamba kwenye kioo, akaliacha likauke, akalitia rangi ya zambarau. Mbinu ya Gram ya kupaka bakteria rangi haikuwapo bado, ilikuja 1884. Kwa hiyo ile rangi ya waridi unayoitafuta wewe yeye hakuiona, bali aliona zambarau. Alitumia hadubini ya Zeiss yenye kimulikio kipya cha Abbe na lenzi ya kuzamishwa kwenye mafuta, vifaa ambavyo hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa navyo. Akaona vidoa viwiliviwili, kama punje mbili za kahawa zilizogeuziana upande bapa, vimejazana ndani ya seli za usaha. Akatafuta mgonjwa mwingine wa kisonono, akavikuta. Kwa wanawake, akavikuta. Katika usaha wa macho ya watoto wachanga, akavikuta. Katika ute wa kawaida wa ukeni na usaha wa mitoki, akavikosa.

Akachapisha taarifa fupi mwaka 1879. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Ninaipenda taarifa ile kwa sababu ya hicho alichokikosa. Kuona bakteria kwenye usaha ni rahisi, kwani usaha una bakteria wengi. Kilichoipa kazi yake nguvu ni kule kuchungulia usaha wa magonjwa mengine na kuthibitisha kwamba hawamo. Mwanafunzi anayepaka slaidi za wagonjwa tu, bila slaidi za kulinganishia, bado hajamfikia Neisser wa 1879. Jina la gonokoka, yaani bakteria wa kisonono, lilitolewa na rafiki yake Ehrlich mwaka 1882, na jina la jenasi, Neisseria, likapendekezwa na Mwitalia Trevisan mwaka 1885. Neisser hakujipa jina hilo mwenyewe.

Kuwaotesha bakteria hao nje ya mwili kulichukua miaka zaidi, na aliyefanikiwa vizuri ni Ernst Bumm, mwaka 1885, kwa kutumia majimaji ya damu ya binadamu. Bumm akathibitisha kwa kumpandikizia binadamu mzima bakteria aliowaotesha. Weka alama hapo. Neisser hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kugeuza mwili wa mtu kuwa chombo cha ushahidi. Ndivyo kazi ilivyofanywa katika kliniki kubwa za zama zile.

Manufaa ya ugunduzi ule yalionekana haraka. Kwa karne nzima madaktari walikuwa wamebishana kama kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja au miwili, na sasa kisonono kikawa na bakteria wake. Mjini Leipzig, kuanzia 1880, daktari wa uzazi Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga tone la myeyusho wa fedha machoni, na upofu wa watoto ukapungua mno. Yale mafuta ya tetrasaiklini ambayo mkunga humpaka mtoto machoni dakika chache baada ya kuzaliwa ni mwendelezo wa kazi hiyo. Neisser mwenyewe alishikilia jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: kwamba kisonono kisichouma wala kutoa usaha mwingi bado kinaambukiza, na kwamba daktari asimwambie mtu amepona kabla ya kuchungulia kwenye hadubini. Mwaka 1897 akaingiza Protargol, dawa ya fedha iliyounganishwa na protini, ambayo ilitumika kutibu kisonono kwa miongo kadhaa hadi dawa za salfa zilipokuja.

Sasa nigeukie ukoma, maana hapo ndipo haraka yake ilipomchafua kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo wa 1879 alisafiri hadi Norwei, nchi iliyokuwa na wagonjwa wengi wa ukoma. Mjini Bergen akapokewa na daktari Gerhard Armauer Hansen, aliyekuwa ameona vijiti katika vidonda vya wagonjwa tangu 1873 na kuandika kuhusu hilo mwaka 1874. Shida ya Hansen ilikuwa moja: hakuweza kuvitia rangi vikaonekana wazi. Kwa ukarimu akampa mgeni wake vipande vya nyama ya wagonjwa. Neisser akarudi navyo Breslau, akavitia rangi kwa mbinu zake, vijiti vikajitokeza bayana, akachapisha. Alivyoandika, msomaji angedhani mgunduzi ni yeye, na Hansen ni mtu aliyekuwa akihisihisi tu.

Hansen hakukaa kimya. Mwaka 1880 alichapisha maelezo yake kwa lugha zaidi ya moja ili kulinda haki yake, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Mwishowe dunia ikampa Hansen heshima hiyo, na ndiyo maana ukoma unaitwa ugonjwa wa Hansen. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni wa haki, ingawa ni kweli pia kwamba ni mikono ya Neisser iliyowafanya madaktari wengine waamini walichokuwa wakionyeshwa.

Lakini kabla hujamweka Hansen upande wa wema, soma na hili. Novemba 1879, Hansen alimchoma mgonjwa wake, Kari Nielsdatter, kwenye jicho kwa chombo kilichokuwa na ukoma wa mgonjwa mwingine, bila ridhaa yake, ili aone kama unaambukiza. Kari alilalamika. Kesi ikasikilizwa mwaka 1880, na Hansen akavuliwa wadhifa wake wa daktari katika hospitali ya wakoma ya Bergen, ingawa alibaki kuwa daktari mkuu wa ukoma nchini. Watu wawili waliogombania bakteria mmoja, wote wawili wakaja kuhukumiwa kwa kosa la aina moja. Ningekuwa wewe, ningewaonyesha wanadarasa visa hivi viwili kwa pamoja.

Baada ya hapo Neisser alipanda haraka. Mwaka 1880 alianza kufundisha Leipzig. Mwaka 1882 mkubwa wake wa zamani, Oskar Simon, akafariki, na Neisser akaitwa Breslau kushika nafasi yake, akiwa profesa mwenye umri wa miaka 27. Mwaka 1883 alimwoa Toni Kauffmann, mwanamke aliyefanya nyumba yao kuwa kituo cha wachoraji na wanamuziki. Mwaka 1888 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Ujerumani, na mwaka 1892 akahamia kwenye kliniki mpya iliyokuja kusifiwa Ulaya nzima. Uprofesa kamili wa fani yake aliungoja hadi 1907. Hivyo ndivyo vyuo vikuu vya Ujerumani vilivyosita kuiona ngozi kuwa fani inayojitegemea.

Wanafunzi wake ni habari nyingine. Josef Jadassohn, aliyeanzisha kile kipimo cha kubandika vipande mgongoni ili kujua mzio wa ngozi, alilelewa kikazi na Neisser. Abraham Buschke vilevile. Ukifungua kitabu chochote cha ngozi utakutana na majina hayo kabla ya kufika katikati.

Basi, 1892. Miaka miwili kabla, Emil Behring alikuwa ameonyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yanaweza kumkinga mwingine dhidi ya dondakoo na pepopunda. Ulaya yote ilishikwa na tumaini hilo. Neisser akajiuliza: mtu mwenye kaswende, je, damu yake haina kinga? Tukitoa majimaji yasiyo na seli, tukamdunga asiye mgonjwa, si atakingwa? Hakuwa na mnyama wa kujaribia, kwa sababu hadi wakati huo hakuna aliyeweza kuambukiza mnyama kaswende kwa uhakika. Mbele yake palikuwa na wodi ya wanawake waliolazwa kwa magonjwa mengine, baadhi yao wasichana wadogo, wengine vijana waliokuwa wakijiuza. Akawatumia hao.

Walioingiziwa majimaji hayo chini ya ngozi hawakuugua. Wanne walioingiziwa kwenye mshipa, wote wakiwa wanawake wa biashara ya ngono, walikuja kuugua kaswende. Mwaka 1898 Neisser alichapisha matokeo yote, na maelezo yake yalikuwa haya: kinga haikufanya kazi, na kaswende yao waliipata kwenye biashara yao, si kwenye sindano yake.

Mimi maelezo hayo hayanifariji hata kidogo. Kwanza, daktari aliyetia ndani ya mshipa kitu kilichotoka kwa mgonjwa wa kaswende hana njia ya kuapa kwamba hakikuwa na vimelea. Pili, na hili ndilo zito, tuseme alikuwa sahihi. Bado aliwachagua kwa sababu maisha yao yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa kuwa yameharibika. Mke wa profesa mwenzake asingemdunga.

Magazeti yakalidaka jambo hilo mwaka 1899, na moto ukafika hadi bunge la Prusia. Ni lazima niseme pia kwamba magazeti ya wachukia Wayahudi yalilitumia kumpiga kwa asili yake, na waliofanya hivyo hawakuwa na uchungu wowote na wanawake wale. Maprofesa wengi walimtetea. Aliyesimama upande wa wagonjwa ni Albert Moll, daktari wa akili wa Berlin, ambaye alikusanya kutoka majaridani visa takriban 600 vya majaribio yaliyofanywa kwa watu bila manufaa kwao na bila ridhaa. Mwaka 1900 mahakama ya nidhamu ilimtoza Neisser faini ya marki 300. Ilikubali kwamba huenda aliamini sindano zile hazina madhara. Ikasema hata hivyo alipaswa kuomba ridhaa.

Faini ile ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa kipato chake. Kilichodumu ni waraka wa tarehe 29 Desemba 1900, uliotolewa na waziri wa Prusia aliyesimamia dini, elimu na tiba, kwenda kwa wakuu wa kliniki zote. Ulikataza kumfanyia mtu jambo lolote la kitabibu lisilo la kupima ugonjwa, kutibu au kukinga, iwapo mtu huyo ni mtoto au hana uwezo kamili wa kuamua. Iwapo hajatamka waziwazi kwamba anakubali. Na iwapo kukubali kwake hakukutanguliwa na maelezo sahihi kuhusu madhara yanayoweza kumpata. Ukataka pia jambo lifanywe na mkuu wa kliniki au kwa idhini yake, na liandikwe kwenye faili la mgonjwa.

Soma tena maneno hayo. Fomu ya ridhaa utakayoiona kwenye kila utafiti hospitalini kwenu imebeba yaleyale. Watu wengi hufundishwa kwamba ridhaa ilianzia Nürnberg mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Hitler. Ilikuwa imekwisha kuandikwa karibu nusu karne nyuma, kwa sababu ya wanawake wanane wa Breslau.

Hata hivyo, waraka ule haukuwa sheria, na ulikuwa na pengo kubwa. Umeliona? Majaribio ya kukinga uliyaacha nje, na Neisser alikuwa akidai hasa kwamba anakinga. Mwaka 1931 serikali ya Ujerumani ilitoa miongozo mipana na mikali zaidi, na miongozo hiyo haikuwazuia madaktari wa Kinazi. Baada ya vita, kati ya 1946 na 1948, madaktari wa Marekani waliwaambukiza watu kaswende na kisonono kwa makusudi huko Guatemala, wakiwatumia tena wanawake wa biashara ya ngono. Na huko Tuskegee, Alabama, wanaume Weusi wenye kaswende walitazamwa bila kutibiwa kuanzia 1932 hadi 1972, hata baada ya penisilini kupatikana.

Rudi kwa Neisser. Mwaka 1902 yeye na Alfred Blaschko walikuwa kati ya walioanzisha chama cha Ujerumani cha kupambana na magonjwa ya zinaa. Kilitoa mihadhara na vipeperushi kwa watu wa kawaida, kwa lugha ya wazi kuhusu mambo yasiyotajwa hadharani. Neisser alipinga mtindo wa kuwaachia polisi wanawake wa biashara ya ngono. Alitaka watibiwe na mamlaka ya afya badala ya kufungwa. Msimamo huo ulikuwa mbele ya zama zake, na aliushika akiwa na faini ya 1900 mgongoni. Sijui kama niite hilo toba. Ninachokiona ni kwamba aliwatetea watu walewale aliowatumia, na mambo hayo mawili yanapaswa kusimuliwa pamoja bila moja kufuta lingine.

Mnyama wa majaribio alipatikana mwaka 1903, Metchnikoff na Roux mjini Paris walipofanikiwa kuambukiza sokwe kaswende. Neisser hakungoja. Mwaka 1905 alisafiri na mkewe hadi Batavia, kisiwani Java, Jakarta ya leo, ambako aliweza kupata nyani na jamii za sokwe kwa wingi, na akarudi huko kwa safari ya pili. Wakati huohuo, Machi 1905, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann waliona kimelea chenyewe cha kaswende mjini Berlin, kwa hiyo Neisser, aliyekuwa akikitafuta, alipitwa. Lakini kazi ya Java haikwenda bure. Kwa nyani wale timu yake ilipata ushahidi kwamba buba na kaswende ni magonjwa mawili, jambo lenye uzito kwetu tuliokuwa na buba vijijini hadi katikati ya karne ya 20. Msaidizi wake Ludwig Halberstaedter, pamoja na Stanislaus von Prowazek, waliona mwaka 1907 vijidoa ndani ya seli za macho ya wagonjwa wa trakoma. Hao ndio bakteria wa klamidia unaowafahamu.

Nyenzo kutoka kwa nyani hao zilisaidia jambo kubwa zaidi. Mwaka 1906 August von Wassermann, Neisser na Carl Bruck walichapisha kipimo cha damu cha kaswende. Dunia ilimkumbuka Wassermann peke yake. Walitumia ute wa ini la kichanga aliyekufa kwa kaswende wakidhani kinga inashika kimelea kilichomo. Baadaye ikagundulika kwamba hata ute wa moyo wa ng'ombe asiye na ugonjwa unafanya kazi, kwa sababu kinga ile inashika mafuta ya seli. Kipimo kilikuwa sahihi kwa sababu tofauti na waliyoidhani wenyewe. Vipimo vya kaswende vya RPR na VDRL mnavyofanya leo vinatumia mafuta hayohayo, ndiyo maana mnafundishwa kuthibitisha jibu kwa kipimo cha aina nyingine.

Ehrlich alipotoa Salvarsan, ile dawa yake ya kaswende, mwaka 1910, Neisser alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kupewa kuijaribu. Dawa hiyo ilizaliwa kutokana na atoksili, dawa ya aseniki ambayo Koch aliitumia kwa wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Baadhi ya wagonjwa wale walipofuka. Waraka wa Prusia ulikuwa na miaka sita tayari.

Toni alifariki 1913. Neisser akamfuata tarehe 30 Julai 1916, akiwa na miaka 61. Nyumba yao iliachiwa mji, ikawa jumba la makumbusho mwaka 1920, na Wanazi wakalifunga mwaka 1933. Jadassohn, aliyerithi kliniki yake mwaka 1917, alifia Zürich mwaka 1936. Buschke alikamatwa akiwa mzee, akafa katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1943. Karl Herxheimer wa Frankfurt, ambaye unalijua jina lake kutokana na homa inayompanda mgonjwa wa kaswende au wa homa ya papasi saa chache baada ya sindano ya kwanza, alifia kambi hiyohiyo Desemba 1942. Fani nzima ya ngozi ya Ujerumani ilikuwa imejaa madaktari wa asili ya Kiyahudi, na iling'olewa mizizi.

Sasa jina. Tiba imewahi kuyafuta majina. Hans Reiter alikuwa Mnazi aliyehusishwa na majaribio ya chanjo katika kambi ya Buchenwald, na ugonjwa uliobeba jina lake siku hizi unaelezwa kwa maneno mengine. Mimi simweki Neisser kundi hilo. Jina la bakteria linatokana na kazi ya 1879 iliyofanywa kwa uaminifu, na linatumika katika kila maabara duniani. Pia liko kwenye Neisseria meningitidis, anayeua watoto wetu kwa homa ya uti wa mgongo. Kulibadilisha kungevuruga kumbukumbu za maabara bila kumrudishia yeyote wa Breslau chochote. Ninalotaka ni kwamba mwanafunzi anayefundishwa 1879 afundishwe na 1892 palepale, katika somo lilelile. Sasa hivi la pili linaachwa, na linamfikia mwanafunzi kama wewe kwa uvumi, nusunusu.

Kwa wasilisho lako, usitumie zaidi ya dakika tatu kwenye maisha ya utotoni. Onyesha slaidi ya usaha mliyoipaka wenyewe na slaidi ya kulinganishia. Kisha soma masharti ya waraka wa 1900 neno kwa neno, uwaombe wenzako watafute pengo lililomo kabla hujawaambia. Andika "1892" kwa majaribio na "1898" kwa kuchapishwa, maana miaka hiyo watu huichanganya. Wakikuuliza kisonono kinatuhusu nini leo, wakumbushe utafiti wa Mwanza wa 1991 hadi 1994: kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Waambie pia kwamba bakteria hawa wamekwisha kuzishinda salfa, penisilini ya kawaida na siprofloksasini sehemu nyingi, na mtu anayejinunulia azuma (azithromaisini) dukani kutibu gono bila kipimo anawazoesha moja ya dawa chache zilizobaki. Na wakitaka kujua kuhusu Bumm, aliyempandikizia binadamu mwaka 1885 asiadhibiwe, niandikie tena. Naye anastahili jibu lake.